Kwa anayeanza kushona mfarishi wa viraka bila kiolezo

Kata kitambaa leo, hata kama hujui mfarishi wako, yaani shuka nene la kujifunika lenye matabaka yaliyoshonwa pamoja, utakuwaje. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza aanzie wapi, na ndilo linalompa shida kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuchora, kupima na kuhesabu kwanza ndipo tushike mkasi. Kwenye viraka visivyo na kiolezo mambo huenda kinyume. Kiraka cha kwanza ndicho kinachokuonyesha cha pili kiwe cha rangi gani, kipana kiasi gani na kielekee wapi. Ukingoja picha nzima ikujie kichwani, mwaka utaisha na mkasi uko kwenye droo.

Lakini kushona bila kiolezo si kushona ovyo. Mwenye kiolezo amekwisha kuamua mambo yake yote siku ya kwanza; asiye nacho anaamua upya kwenye kila mshono, na kila uamuzi inabidi autazame. Nimeifanya kazi hii nyumbani kwa mkono miaka mingi, na nimeona kwamba majira ya mwaka ndiyo yanayonipangia nifanye nini na lini. Kwa hiyo nitakueleza kwa kuyafuata majira.

Anza wakati wa joto, na anza na vipande vidogo. Mfarishi mzima mapajani wakati wa kiangazi ni adhabu: viganja vinatoa jasho, sindano inateleza, na jasho hilo hilo linaipa kutu na kuifanya ikwame kwenye kitambaa. Kiraka cha ukubwa wa kiganja hakikuchoshi. Unakishona ukiwa umekaa popote penye upepo, na ukiitwa unakitia mfukoni.

Vitambaa vyako vitoke kwenye nguo za pamba zilizozeeka: mashati, magauni, mashuka. Tafuta vyenye uzito unaokaribiana, maana kizito kikishonwa na chepesi, kizito hukivuta mwenzake mpaka kichanike kando ya mshono. Vitambaa vinavyovutika kama vya fulana viache kwanza. Na kabla ya kukata, inua nguo uelekeze dirishani. Utaona sehemu ambazo mwanga unapita kwa madoadoa, hasa viwikoni, kwenye kola na makalioni. Hapo nyuzi zimekwisha. Ukizitumia, kiraka hicho kitakuwa cha kwanza kutoboka. Nzuri utaipata mgongoni mwa shati na chini ya mifuko, ambako hapakusuguliwa sana.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla. Nililijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kumaliza mfarishi wenye mistari myekundu katikati ya meupe, kazi ya miezi, na kile chekundu kilikuwa kitambaa kipya ambacho sikukifua. Ulipofuliwa mara ya kwanza, weupe wote uligeuka waridi, na hakuna sabuni iliyourudisha. Siku hizi kila chekundu na kila cha nili ninakilowesha, ninakiweka juu ya kitambaa cheupe na kukikandamiza kwa pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, kinarudi majini, na kama bado kinachuja baada ya kufuliwa mara tatu, hakiingii kwenye kazi yangu.

Kata kwa mkasi bila rula. Mkono utapinda kidogo, na huo mpindo ndio utakaoupa mfarishi wako uhai. Kitu cha kuangalia ni mwelekeo wa nyuzi. Kitambaa kikikatwa kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu) au mshindio (nyuzi za upana) hutulia. Kikikatwa hanamu, yaani mshazari, huvutika. Hanamu hairuhusu haraka: ukiwa na ukingo wa namna hiyo, usiushike kwa nguvu, na uuoanishe na ukingo ulionyooka ili uutulize. Acha robo inchi, kiasi cha milimita 6, kati ya mshono na ukingo. Shona kwa hatua ndogo za mbele, na kila baada ya vidole vitatu rudi nyuma hatua moja, ili uzi ukikatika siku moja usifumuke mshono mzima.

Njia rahisi ya kujifunza ni kuweka kipande kimoja katikati na kukizungushia vipande virefu, upande baada ya upande, kiraka kikikua. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, kwenye pindo la Mto Alabama huko Marekani, wameshona hivi kizazi baada ya kizazi, wengi wao wakitumia nguo za kazi za shambani zilizochakaa. Mtindo huo wanauita Housetop, yaani paa la nyumba. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Jambo linalonigusa zaidi ni la mwaka 1972. Ushirika wa washonaji wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, ulipata kazi ya kuishonea kampuni ya Sears foronya za mito kwa kitambaa cha kodrai. Makapi ya kodrai, katika rangi chache tu, yakaingia majumbani, na kwa rangi hizo chache wakashona baadhi ya mifarishi yenye nguvu kuliko yote niliyowahi kuitazama pichani. Kwa hiyo usisikitike kwamba kikapu chako kina rangi nne. Rangi nne zinatosha, mradi mojawapo iwe nyeusi sana kuliko nyingine na mojawapo iwe nyeupe sana.

Hilo la weusi na weupe wanaoanza hulikosa mara nyingi. Wanachagua nyekundu, kijani na zambarau wakidhani zinatofautiana, kumbe zote zina giza sawa, na mfarishi ukitazamwa kwa mbali unaonekana kama ukungu mmoja. Finya macho utazame. Au upige picha kwa simu kisha uiondolee rangi. Vipande vikiyeyukiana, ongeza kitu chenye mwanga.

Kuna tatizo moja litakalokutokea, nalo ni kiraka kisicholala. Ukikiweka mezani, ama kimefura katikati kama tumbo, ama kingo zake zinapiga mawimbi. Sababu ni tofauti. Kikifura katikati, ukanda uliokizungushia ulikuwa mfupi, ukakusanya kingo. Kingo zikipiga mawimbi, ukanda ulikuwa mrefu, au ukingo wa hanamu ulivutika mkononi. Dawa ni moja: pima kiraka katikati, wala si ukingoni, kata ukanda kwa urefu huo, bandika pini kwenye ncha mbili na katikati, kisha gawanya urefu uliobaki kati ya pini. Usikipige pasi ukitumaini kitalala. Kitalala siku hiyo, kisha kitafura tena chini ya sindano wakati umeshachelewa. Fumua ushone upya. Na pasi yenyewe ikandamizwe na kuinuliwa, isiburutwe. Mshono wa mkono ulaze upande mmoja, upande wa kitambaa chenye giza. Ukiupanua pande mbili, uzi peke yake ndio unaobeba mzigo.

Mvua zinapoanza ninaacha kukata. Ninatundika shuka la zamani ukutani karibu na dirisha na kubandika viraka vyote kwa pini. Mwanga wa siku ya mawingu ni mzuri kwa kazi hii, maana hauna kivuli kikali na rangi unaziona zilivyo. Kisha sishoni. Ninapita, ninatazama, ninahamisha kimoja, ninaenda zangu. Wiki mbili zinaweza kupita hivyo. Mgeni wa kazi hii huona kama ni kupoteza muda, lakini mfarishi unaamuliwa ukutani kuliko unavyoamuliwa mezani. Utajikuta kuna kiraka kimoja ambacho jicho lako linakirudia kila unapoingia, kinakukera. Usikitoe haraka. Mara nyingi kiraka hakina kosa. Jirani yake ndiye asiyekifaa.

Viraka havitalingana ukubwa, na havipaswi kulingana. Kilicho kidogo kiongezewe ukanda. Usikate kiraka unachokipenda ili kitoshe nafasi. Mwongezee ukanda jirani yake. Unganisha vidogo viwe vikubwa, na vikubwa viwe safu ndefu, ili kila mshono uwe ulionyooka. Ukifika mahali unapolazimika kushona kuingia kwenye kona, rudi nyuma hatua moja, umeunganisha kwa mpangilio usiofaa.

Tahadhari moja ya msimu wa mvua: usifungie vitambaa kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu hunaswa humo, na ukungu ukishaingia kwenye pamba huacha madoa yasiyotoka. Tumia mfuko wa kitambaa au foronya.

Uso, yaani viraka vyote vikishaunganishwa, ukikamilika, chagua siku kavu ya kuunganisha matabaka matatu. Kitambaa cha chini kitandazwe sakafuni, upande wake mbaya ukitazama juu, kivutwe kinyooke bila kulazimishwa na kubandikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kiwe kikubwa kuliko uso kwa sentimita 8 hadi 10 kila upande. Juu yake pamba ya kujazia, juu yake uso wa viraka. Blanketi jembamba lililozeeka linafaa badala ya pamba. Ukiishi penye joto unaweza kuliacha kabisa tabaka la kati: wanawake wa Bengal, eneo lililoko India na Bangladesh, hushona kantha, mifarishi yao myembamba, kwa kupanga sari kuukuu moja juu ya nyingine, na desturi yao ya zamani ilikuwa kuchomoa nyuzi za rangi kwenye mapindo ya sari hizo hizo na kuzishonea. Kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda nje, mistari ikiachana kiasi cha kiganja. Watu huipunja hatua hii kwa kuwa bandi zitatolewa baadaye. Tafadhali usiipunje. Bandi chache leo ni mikunjo nyuma ya mfarishi kesho.

Sasa baridi imeingia, na mfarishi unaoushona unakufunika magoti. Huu ndio wakati ninaoungoja mwaka mzima.

Kata uzi wa urefu wa sentimita 45 hivi. Mrefu zaidi hujisokota na kuchakaa kabla hujaumaliza. Piga fundo dogo. Ingiza sindano kwenye uso, sentimita mbili kutoka unapotaka kuanzia, ipite ndani ya pamba bila kugusa kitambaa cha chini, na itokee mahali pa kuanzia. Vuta kidogo kidogo mpaka usikie fundo likidunda na kuingia ndani. Limejificha. Vaa subana, kile kikofia cha kusukumia sindano, kwenye kidole cha kati. Simamisha sindano wima mpaka kidole cha mkono wa chini kiihisi ncha. Kuihisi tu, isikuchome. Papo hapo laza sindano kwa subana, na kidole cha chini kisukume kitambaa juu, ncha itokee. Isimamishe tena, ilaze tena. Ukishakusanya mishono mitatu au minne kwenye sindano, vuta uzi. Mwanzoni mkono wa chini na wa juu havitaelewana, na mishono ya nyuma itakuwa inarukaruka. Baada ya jioni kumi hivi vinaanza kwenda pamoja, huku sindano ikiyumba kama mtu anayebembeleza mtoto.

Tumia sindano fupi. Namba ikiwa kubwa sindano ni ndogo, kwa hiyo anza na namba 8, kisha nenda 9 au 10 mkono ukizoea. Wazoefu hufikisha mishono 8 hadi 12 kwenye inchi moja, wakihesabu ya juu peke yake. Wewe ukipata mitano iliyolingana, umefanya vizuri. Kulingana ni muhimu kuliko udogo, maana jicho huona mshono uliozidi wenzake, halioni kwamba yote ni mikubwa.

Kuhusu mistari ya kufuata, weka kiwiko juu ya mfarishi, shika chaki, zungusha mkono kama mlango kwenye bawaba. Utapata tao. Rudisha chaki ndani kidogo, zungusha tena. Matao hayo yakipangana yanapita juu ya viraka vyote bila kujali mishono yake, na yanaunganisha vitu ambavyo ukutani vilionekana kugombana. Wala huhitaji kipimo, kwa kuwa mkono wako ndio kipimo. Anza katikati ya mfarishi, songa nje. Pamba ya dukani huandikwa kwenye karatasi yake mistari iachane umbali gani. Uheshimu, la sivyo itajikusanya mabonge.

Vitambaa vyeusi vishone mchana. Usiku ni wa vile vyenye mwanga. Kila nusu saa weka chini, nyoosha vidole na mabega. Ukijichoma na damu ikadondoka, maji baridi mara moja, kamwe si ya moto, maana moto huikaza.

Pindo ni kazi ya siku chache: kata kanda za upana wa sentimita 6, zikunje katikati kwa urefu, zishone mbele kisha uzigeuze nyuma. Kingo zilizonyooka hazihitaji hanamu. Za mviringo zinaihitaji. Nyuma, kwenye kona, andika mwaka kwa uzi.

Ufue kwa maji baridi. Pamba ya ndani itasinyaa kidogo, na uso utajikunja mikunjo midogo kandokando ya kila mstari; usiogope, hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Usiukamue kwa kuusokota. Uviringishe ndani ya taulo uukandamize, kisha uuanike kivulini ukiwa umelala juu ya kamba tatu au nne zilizo sambamba. Ukining'inia kwenye kamba moja, uzito wa maji huivuta mishono, na jua kali hula rangi nyekundu kwanza.