Nimefika sura ya tisa, muuaji simjui

SWALI: Habari dada, mi naandika riwaya ya mauaji, ilinijia tu picha ya maiti ndani ya lifti nikaanza kutiririka, sasa niko sura ya tisa na muuaji mwenyewe simjui. Rafiki yangu anasema nifute yote nianze na mpango kamili, ila nikijaribu kupanga hamu yote inakata. Nifanyeje?

JIBU: Usifute kitu, tafadhali. Stephen King, yule mwandishi wa riwaya za kutisha, alishaandika mwaka 2000 kwamba habari za kupanga ploti, yaani mtiririko wa matukio, haziamini sana, yeye anawaweka wahusika kwenye balaa halafu anaangalia watajinasuaje, wakati mwandishi mwenzake John Irving haanzi mpaka awe na sentensi ya mwisho. Na wote wanasomwa.

Ila wewe umechagua mauaji, na hapo ndo penye kazi, maana ndani yake kuna hadithi mbili: ya upelelezi, ambayo msomaji anaiona, na ya muuaji, ambayo nyingi ilishatokea kabla ya ukurasa wa kwanza. Ile ya upelelezi iandike kwa kuotea ukipenda, lakini ya muuaji lazima uje uijue, hata kama siyo leo.

Sasa chukua karatasi, kila sura uliyonayo iandikie sentensi moja tu, nani alikuwa wapi na nani kadanganya. Yaani unapanga kilichokwisha andikwa, kinachokuja kiache kwanza. Unaweza kukuta sura ya tatu mlinzi kaingia viatu vimelowa na mvua haikunyesha siku hiyo, we uliweka kupamba tu, kumbe ndo mtu wako, au basi ni shahidi anaficha kitu. Ukishamjua, rudi nyuma upachike dalili mbili tatu na ufute zinazogombana. Hamu hapo haikati bwana, maana na wewe unapeleleza.

Ningekuwa mkali kama tu unaitoa kwa vipande, sura ikishatoka hairudi. Hata Charles Dickens, mwandishi wa Kiingereza aliyetoa riwaya zake kwa vipande, Pickwick ya 1836 aliibuni akiwa njiani, lakini kufika riwaya ya Dombey and Son mwaka 1846 kila toleo lilikuwa na karatasi yake ya mpango. Kama yako bado iko kwenye laptop hajaiona mtu, hilo halikuhusu, badilisha muuaji hata mara nne.