Tuzo ya uongozi 4-H si ya mwenye ndama bora

Je, mtoto akishinda utepe wa bluu, yaani zawadi ya maonyesho, anapata pia tuzo ya uongozi? Hapana, kwenye klabu za 4-H za Marekani, ambako watoto na vijana hujifunza kupitia miradi kama ufugaji, utepe huo haumpi mtoto tuzo ya uongozi moja kwa moja. Utepe ni wa mradi, kwa mfano ndama aliyemfuga. Uongozi hutazamwa zaidi kwenye daftari la kumbukumbu analolijaza mwaka mzima: alipanga nini, alitumia kiasi gani, alijifunza nini, alimsaidia nani. Nimewahi kujitolea kuyasoma madaftari hayo na moja silisahau. Binti alieleza jinsi sungura wake watatu walivyokufa kwa joto, akachora banda jipya lenye matundu ya hewa pande mbili, kisha akaandika alivyowafundisha wadogo zake klabuni kulijenga. Utepe hakuwa nao hata mmoja, lakini tulimpendekeza bila ubishi.

Stadi za uongozi zenyewe hujengwa kwenye mikutano ya klabu. Wanachama huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina miongoni mwao, na unamkuta mtoto wa miaka 11 amesimama kusoma hesabu za klabu mbele ya wenzake, karatasi ikimtetemeka mkononi. Miezi michache baadaye hatetemeki tena. Kaulimbiu yao ni kujifunza kwa kutenda, na harakati hii inahesabu mwanzo wake Ohio, mwaka 1902.

Ila vigezo vya tuzo na umri wa kuomba hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo ulizia ofisi ya ugani ya kaunti husika kabla mtoto hajaanza kujaza fomu.