Mkanda wa afisa wa Kijerumani: tazama mistari kabla ya kumsikiliza muuzaji

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Leipzig. Nimenunua mnadani mkanda wa sherehe wa afisa wa Kijerumani. Ni wa zari ya fedha, una mistari myeusi, na bizimu yake ya duara ina herufi W, namba II na taji juu; picha nimekutumia. Muuzaji aliniapia kuwa ulikuwa wa afisa wa jeshi la kikoloni Afrika Mashariki, na kwa neno hilo bei ikapanda. Je, ni kweli? Halafu mama mkwe anasema niusugue kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sinia za shaba. Nimsikilize?

JIBU: Ndugu yangu, mama mkwe mjibu kwa adabu, lakini ndimu iache jikoni. Nitalirudia hilo. Tuanze na muuzaji.

Mkanda huu Wajerumani huuita Feldbinde. Maafisa walianza kuuvaa mwaka 1896, ukachukua nafasi ya mshipi wa zamani wa kufunga kiunoni. W II ni Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani, aliyeng'oka kitini Novemba 1918. Kwa hiyo kama ni halisi, umetengenezwa kati ya miaka hiyo.

Sasa mistari. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa dola moja yenye falme kadhaa ndani yake, na kila ufalme ulitia rangi zake kwenye zari: Prussia nyeusi, Bavaria buluu, Saxony kijani, Württemberg nyeusi na nyekundu. Schutztruppe, yaani jeshi la makoloni, lilikuwa la dola nzima, na mikanda ya maafisa wake ilibeba rangi za dola: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Katika picha zako sioni nyekundu hata uzi mmoja. Usije ukaambiwa imepauka: sogeza bizimu utazame palipofunikwa, mahali jua halikufika. Kama hata pale hakuna nyekundu, una mkanda wa afisa wa Prussia.

Hiyo haina maana muuzaji ni mwongo. Afisa aliyetaka kwenda Afrika Mashariki alitoka kwanza kwenye jeshi la kwao ndipo akaingia Schutztruppe, na mkanda wa zamani ungeweza kubaki sandukuni. Lakini hiyo ni hadithi ya mtu, na hadithi ya mtu inahitaji jina. Mwombe jina. Maafisa walichapishwa katika orodha za kila mwaka ziitwazo Rangliste, ambazo maktaba kubwa za huko uliko zinazo. Akikuambia faili la afisa huyo lipo katika hifadhi ya jeshi Potsdam, cheka kidogo: hifadhi hiyo iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Bila jina, usilipe hata senti ya ziada kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Uhalisi wenyewe utauona kwa lenzi ya sonara. Zari ya wakati ule ni utepe mwembamba wa shaba uliopakwa fedha, ukazungushwa kwenye uzi wa hariri au pamba, kama zari ya joho zuri la harusi. Fedha hukolea weusi kwenye mikunjo, na pale ilipolika shaba huchungulia, wekundu au kutu ya kijani. Katika picha yako ya tatu naiona kijani hiyo ukingoni karibu na bizimu, nami nimefurahi kuiona, maana uzi wa plastiki wa mikanda ya kuiga hautoi kutu ya kijani. Mikanda ya Wehrmacht, yaani jeshi la Ujerumani la wakati wa Hitler, ya kuanzia 1937 ni ya alumini. Hiyo hufifia ikawa kijivu, haiwi nyeusi. Ukikuta nyundo na bikari kwenye bizimu, huo ni wa Ujerumani Mashariki, hata muuzaji auite wa kale namna gani.

Tuje kwenye ndimu. Sinia ni shaba nzito, ukiisugua miaka hamsini bado ni sinia. Kwenye zari, fedha ni ngozi nyembamba mno. Asidi huila, majivu huikwaruza, na maji hubaki ndani ya uzi yakiozesha hariri. Wala usijaribu ule ujanja wa magadi na karatasi ya alumini. Nilipokuwa najifunza kazi hii niliujaribu kwenye kipande cha utepe wa begani. Weusi ulitoka kweli, na baada ya wiki nyuzi zikaanza kukatika zenyewe. Kile kipande ninacho mpaka leo, huwaonyesha wanagenzi.

Futa vumbi tu, kwa brashi laini ya rangi za maji, ukifuata mwelekeo wa nyuzi zilivyofumwa. Vaa glavu, lakini zisiwe za mpira wa kawaida, kwa sababu una salfa, na salfa ndiyo inayotia fedha weusi. Sufu nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo usiuviringe kwenye sweta. Usiukunje. Uzungushe kwenye bomba nene la karatasi isiyo na asidi, zari ikitazama nje, kisha ufunike kwa pamba iliyofuliwa bila sabuni ya manukato.

Kabla ya yote, nipigie picha mgongo wa bizimu, rula ikiwa kando yake, tuone kama kuna alama ya kiwanda.