Mahindi kutoka na mapengo
Dada, unalaumu mbegu kwa mahindi yako kutoka na mapengo, lakini mbegu haina kosa. Ukipanda mstari mmoja kando ya ukuta hapo Ilemela, Mwanza, upepo wa ziwa unapeperusha chavua, yaani vumbi la njano la ua dume, nje ya bustani. Kila unywele wa hindi ni punje moja. Unywele usipopata chavua, panabaki pengo.

Mahindi yenye nywele mbichi bado unaweza kuyaokoa. Asubuhi umande ukishakauka, kung'uta mbelewele (ua dume la juu ya mhindi) ndani ya mfuko mkavu wa karatasi, unyunyize vumbi lile la njano juu ya nywele zinazonata. Rudia siku 3 au 4, maana nywele za nchani hutoka mwisho. Na wiki hiyo usiache udongo ukauke kabisa!

Msimu ujao panda mistari 4 mifupi, sm 75 kati ya mistari na sm 30 kati ya mashina.