Kizazi Hiki, Siku Ile

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa Biblia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye semina ya akina mama hapa Makambako, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba Mathayo 24 ilishatimia mwaka 70, Warumi walipobomoa hekalu la Yerusalemu. Wengi walitoka nje kabla hata ya chai. Mimi nilibaki, lakini tangu siku hiyo sina raha. Tangu utoto nimefundishwa kuwa vita na matetemeko tunayosikia redioni ndizo dalili zenyewe. Je, yule ni mzushi? Na kama yamepita, sisi tunangoja nini? – Mama wa watoto wanne, Makambako

JIBU: Marahaba, mama. Chai hiyo waliikosa bure.

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Mwaka 1981 nilikuwa mwinjilisti kijana, na nilitembea na kitambaa cha marekani, mita tatu nzima, nilichokuwa nimechora juu yake yule mnyama mwenye pembe kumi wa Danieli sura ya 7 kwa rangi ya mafuta. Kila pembe niliiandika jina la nchi ya Soko la Pamoja la Ulaya. Ugiriki ilipojiunga mwaka ule zikawa nchi kumi kamili. Nilihubiri usiku huo mpaka sauti ikakauka. Kisha mwaka 1986 zikaingia Hispania na Ureno, nami nikabaki na brashi mkononi. Danieli kasema kumi, sasa pembe mbili nazitia wapi? Nilikikunja kitambaa kimyakimya. Hakuna muumini aliyeniuliza kimekwenda wapi, na hilo linaniumiza kuliko kosa lenyewe.

Kilichonigeuza hakikuwa kitabu cha mzungu. Kilikuwa kiambishi. Nilikuwa naandaa somo, nikaweka Luka 21 kando ya Mathayo 24. Pale Mathayo anapotaja chukizo la uharibifu, Luka anasema waziwazi: “mtakapoona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi.” Mtakapoona. Hakusema “watakapoona”. Yesu ameketi juu ya mlima wa Mizeituni, wanafunzi wake wako mbele yake, nao ndio waliomwuliza hekalu litabomolewa lini. Anawajibu wao. Na anapofika mstari wa 34 wa Mathayo anafunga hesabu: “Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie.” Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti ya hiki na kile. Mimi nilikuwa nimehubiri miaka yote hiyo kana kwamba imeandikwa kile.

Sasa tazama yaliyotokea. Wayahudi waliasi mwaka 66. Jeshi la Cestius Gallus, liwali wa Kirumi wa Shamu, lilifika mpaka Yerusalemu, kisha likarudi nyuma ghafla. Aliyetaka kukimbia alipata nafasi, na Eusebio wa Kaisaria, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya 4, anasema Wakristo wa mji ule walihamia Pella, ng’ambo ya Yordani. Wako wataalamu wanaoitilia shaka habari hiyo, lakini ndivyo ilivyopokewa. Mwaka 70, karibu na Pasaka, mji ukiwa umejaa wageni wa sikukuu, Tito, jemadari wa Kirumi, mwana wa Kaisari Vespasian, akauzingira. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyekuwa kambini kwa Warumi, anasimulia njaa ya ndani ya kuta, mpaka mama aliyemla mtoto wake wa kunyonya. Hekalu liliungua mwezi Agosti, na mji wote ukaanguka Septemba. Josephus anataja maiti 1,100,000 na mateka 97,000; hiyo ya maiti wanahistoria wengi wanaiona imetiwa chumvi, ila msiba hauhitaji chumvi. Ukifika Roma, kwenye tao la Tito utaona kinara cha taa saba kimechongwa, kimebebwa mabegani mwa askari. Na Yerusalemu, chini ya kona ya kusini-magharibi ya kiwanja cha hekalu, wachimbaji walikuta mawe makubwa yamelala juu ya barabara ya kale, pale pale yalipoangushwa.

Soma tena ile sura ukiwa na picha hiyo. Aliye juu ya dari asishuke: sisi wa bara tukisikia dari tunafikiria mbao zilizopigiliwa chini ya bati, kumbe ni watu waliopanda juu ya nyumba zao bapa kupunga upepo. Walio Uyahudi wakimbilie milimani. Ombeni isiwe siku ya sabato. Haya ni maelekezo ya njia kwa watu wa wilaya moja. Mtu wa Makambako akimbilie mlima gani?

Najua utaniuliza juu ya jua kutiwa giza na nyota kuanguka. Fungua Isaya 13. Maneno ni yale yale, na kichwa cha habari ni Babeli, iliyoangushwa na Koreshi mfalme wa Uajemi mwaka 539 kabla ya Kristo. Jua liliendelea kuchomoza. Isaya 19 inasema Bwana amepanda wingu jepesi anakwenda Misri, na hakuna Mmisri aliyesimulia kwamba alimwona angani. Manabii walikuwa na lugha yao ya kutangaza anguko la dola, kama sisi tunavyosema nchi imewaka moto bila mtu kutafuta ndoo ya maji.

Basi mhubiri wenu si mzushi, na fundisho lenyewe si la jana: Eusebio niliyemtaja alishayafananisha maneno ya Yesu na masimulizi ya Josephus. Ila kuna mahali pa kumuuliza swali moja. Mstari wa 36 unageuka: “Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye.” Tumetoka kwenye hiki tumeingia kwenye ile. Mimi hapo nasimama na kanuni ya imani: atakuja kuwahukumu walio hai na wafu. Mhubiri wenu akiwaambia kwamba hata ufufuo umekwisha kupita, msomeeni 2 Timotheo 2:17–18, habari za Himenayo na Fileto, kisha nanyi tokeni mkanywe chai.

SWALI: Mwanangu amekataa kuandikishwa kitambulisho cha taifa, anasema ile namba ni chapa ya mnyama, 666. Nimwambieje? – Baba wa Kahama

JIBU: Mzee mwenzangu, mpe Ufunuo 13:18 asome kwa sauti. Mwenye akili “na aihesabu.” Kitabu kilitumwa kwa makanisa saba ya Asia, ndiyo Uturuki ya leo. Mfinyanzi wa Smirna angehesabu nini kwenye kitambulisho cha Tanzania?

Zamani herufi zilikuwa ndizo tarakimu. Andika Neron Kaisari kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, halafu 100, 60, 200. Jumlisha. Na kuna nakala za kale zenye 616 badala ya 666. Ukiandika Nero bila ile n ya mwisho, inatoka hamsini, inabaki 616. Nero ndiye Kaisari aliyewaua Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64.

Sikufichi udhaifu wa hesabu hii. Watu wa Smirna walisoma Kigiriki, si Kiebrania. Na Irenayo, askofu aliyeandika yapata mwaka 180, anasema Yohana aliona maono mwishoni mwa enzi ya Kaisari Domitian, miaka mingi baada ya Nero kufa. Hapa siapi kama ninavyoapa kwa Mathayo. Lakini mwanao bila kitambulisho hasajili laini ya simu, na wewe utamtafutaje?

SWALI: Mwalimu, nasikia una chati ya unabii yenye picha. Naomba nakala, nina vijana wa kipaimara. – Mwinjilisti, Singida

JIBU: Umechelewa, ndugu yangu. Mke wangu alikigawa kitambaa kile vipande viwili mwaka wa njaa, akaanikia mahindi. Kilichobaki kina pembe nne na nusu, na Ubelgiji imefutika.