Pointi za wahudumu dukani: pima kazi, usipime mauzo

Mleta mada, umeuliza kama mchezo wa pointi utawachangamsha wahudumu wako watano hapo Malindi, anayeuza zaidi achukue zawadi ya mwezi. Zawadi sawa, ila kipimo hicho kitakuvuruga. Mauzo yenu hufuata watalii: Disemba yanapanda, masika yakianza yanashuka, na mhudumu hana la kufanya. Tena wa kaunta atamshinda wa stoo kila mwezi, na wateja wanunuzi watagombewa mlangoni.

Pima anachokimudu mwenyewe. Kwa duka la vyakula, mambo matatu yanatosha. Rafu zijae na bei zibandikwe kabla ya kufungua, pointi 3. Bidhaa zinazokaribia kuisha muda zikae mbele, pointi 3; kagua kwa kuchomoa tatu popote na kusoma tarehe. Droo ya pesa ihesabiwe na kulinganishwa na risiti pamoja na malipo ya M-Pesa, pointi 4. Wa stoo, badala ya droo, alinganishe mzigo ulioingia na invoisi.

Kwenye droo uwe makini sana. Ukitoa pointi kwa droo isiyo na shoti, yaani upungufu wa pesa, keshia atafidia kwa pesa zake siku ambayo za droo zimepungua, na zikizidi ataficha ziada ya kuzibia kesho. Hesabu itapendeza, nawe hutajua bei ipi inaingizwa vibaya. Pointi ni za kuhesabu na kuandika tofauti kwa ukweli, iwe shoti au ziada.

Kila zamu ina pointi 10, kwa hiyo zamu sita za wiki ni pointi 60. Kila anayefikisha 48 apewe zawadi, hata wakiwa wote watano. Aliyeugua akafanya zamu tano, kiwango chake ni 40. Jumatatu wote waanze sifuri; shindano la mwezi mzima humkatisha tamaa aliyeachwa nyuma mapema.

Majina usibandike ukutani, kila mtu awe na kadi yake. Hoteli za Disneyland kule Anaheim, Marekani, ziliweka skrini za kuonyesha kasi ya kila mfanyakazi wa dobi. Wafanyakazi wakaziita mjeledi wa kielektroniki, na wengine wakawa wanaogopa hata kwenda msalani.

Zawadi iwe unga na mafuta ya kupikia, au nafasi ya kujichagulia siku ya mapumziko, na itolewe jioni ya zamu ya mwisho. Kama kuna mshahara unaodaiwa, lipa kwanza. Pointi zikitangulia, wataona unawazuga na haki yao.