Bustani na ushuhuda kwa jirani: mfundishe kwa desmodiamu, haradali ipumzike

Mtoa mada anaomba masomo ya bustani kwa kikundi chao cha Biblia, kuhusu namna Mkristo anavyowagusa jirani, wafanyakazi wenzake na ndugu wasioamini. Wengi mmemjibu punje ya haradali. Ni sawa, imo Mathayo 13, ila wanakikundi wengi hawajawahi kuuona mmea wenyewe. Kwenye kufundisha mimi hutumia desmodiamu ndani ya mahindi.

Kwa asiyeijua, ni jamii ya kunde inayotambaa. Inatumika katika kilimo cha vuta-sukuma, ambacho ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Kenya, ilikibuni ikishirikiana na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Mahindi yanapandwa kwa mistari ya sm 75, desmodiamu inapita katikati ya mistari hiyo, na pembeni unazungushia mistari mitatu ya majani ya tembo. Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wa funza wa mabua, na majani ya tembo yanawavuta wakatage huko nje. Kazi kubwa zaidi iko chini. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazoichipusha mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na kuizuia isijishike kwenye mzizi wa hindi. Kiduha kikikosa pa kunyonya, kinakufa.

Somo ninaloliona hapo: desmodiamu hailigusi hindi lenyewe, inabadilisha hewa na udongo ambamo hindi linakua. Kwenye ofisi iliyozoea chai ya chini ya meza, mhasibu mmoja anayeandika risiti halali kila siku anafanya kazi ya aina hiyo. Hajahubiri bado, lakini wenzake wameshaanza kupunguza sauti wakipanga madili yao.

Sasa inakoharibikia, maana hapa ndipo kikundi kitajifunza zaidi. Mbegu ni ndogo mno: changanya konzi moja na konzi mbili za mchanga laini, mwaga kwenye mfereji usiozidi sm 2, funika kwa udongo kidogo tu. Ukiizika haitoki. Halafu wiki za mwanzo inakua polepole na inafanana na gugu, hivyo mwenye haraka huiondoa kwa jembe. Palilia kwa mkono wiki ya tatu, rudia ya tano. Anayetaka jirani aokoke ndani ya mwezi mmoja ndiye anayeing'oa ya kwake mwenyewe. Kosa la tatu huwapata wenye bidii: ikishakolea bila kukatwa, inapanda juu na kuyafunika mahindi. Punguza, ng'ombe wale. Kuna wapendwa ambao jirani akiwaona tu anafunga mlango, kwa sababu hawajawahi kumwachia nafasi ya kupumua.

Maharage nayo yanasifiwa kwamba yanalisha mahindi nitrojeni. Msimu uleule yanatoa kidogo sana. Sehemu kubwa inabaki kwenye mharage wenyewe. Ukivuna ukabeba mpaka mashina, udongo umepata kidogo. Acha majani na mizizi vioze palepale. Yohana 12:24, punje ya ngano inayokufa ndipo izae, inaingia hapa bila kulazimishwa.

Kwa wanaopenda kukemea, soma Luka 13:6-9. Yule mtunza shamba aliuombea mtini mwaka mmoja, akaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, ingawa ndiyo yenye nguvu. Irundike, igeuze kila baada ya wiki mbili au tatu, chomeka fimbo katikati. Ikitoka ya moto, bado. Ikiiva, iweke kiganja kimoja mbali na shina. Andiko ni la kweli, lakini ukimpiga nalo mtu siku ya msiba umeweka mbichi tena shinani.

Walioamini juzi wanafanana na miche ya nyanya. Kitalu kilichobanana na kumwagiwa maji kupita kiasi kinapata kinyausi: shina linaoza usawa wa udongo, mche unalala. Mahubiri matano kwa siku kwenye WhatsApp yanafanya vivyo hivyo. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza kivuli na maji kidogo kidogo, kisha hamisha jioni. Kumtuma mtu wiki ya kwanza akashuhudie kwa marafiki zake wa kilabuni ni kuondoa kivuli chote saa sita mchana.

Kama mna eneo dogo, mistari minne ya mahindi inatosha. Pandeni desmodiamu pamoja na mahindi mvua za kwanza zikinyesha, na gaweni zamu za kupalilia kwa majina kabisa, la sivyo wiki ya tano hatokei mtu. Mbegu ulizieni mapema, maduka mengi ya pembejeo hayaiweki. Mkimpata mkulima mwenye nayo, ombeni vipande vya shina. Vinashika vizuri udongo ukiwa na unyevu.